Mstari Uliopinda

Kila mwaka mvua ya Novemba ilimfuta.
Ilianza na nyeupe, maana pemba haijui kung'ang'ana,
kisha nyekundu ikashuka ukutani, ikapita mlangoni,
ikaungana na matope ya Katuba
ambayo nayo ni mekundu,
kwa hiyo hakuna aliyejua
kilichopotea ni kiasi gani.

Numbi Leokadia aliketi barazani akichambua sombe,
akitazama kazi ya miezi mitano ikienda mtaroni.
Hakusema kitu. Mwaka mmoja tu alisema:
"Afadhali. Yule samaki nilimkosea mkia."

Mei, mvua ikishakata,
alichukua ndoo yake iliyong'oka sikio
akaenda kuomba:
udongo kwa mchwa wa nyuma ya kanisa,
masizi kwa Mama Kyabu wa makala,
bulu ya kufulia, kipande kimoja, kwa deni.
Kijani hakusema alikokitoa,
ila mumewe alikuwa wa zamu ya usiku kiwandani
na suruali yake ilikung'utwa mifuko
juu ya sahani, polepole,
kabla haijaloweka.

Kidole chake cha shahada kilibanwa na mlango wa lori
siku aliyoletwa mjini, bado bibi harusi.
Kilipona vibaya,
kikainama kama mtu anayesikiliza ya jirani.
Basi kila mstari wake, ukifika robo tatu ya safari,
uliinama kidogo kushoto,
ukajirekebisha,
ukaendelea.

Sisi watoto tulishika makopo.
Alitupa kwanza ukuta wa choo.
Aliyevumilia choo alipewa jiko.
Ukuta wa mbele hatukuuomba.
"Usichore ndege," alisema,
"chora anavyokukimbia."
Tulirudi nyumbani na magauni yaliyoharibika
na fimbo zikatungoja.

Walikuja wageni wawili na kamera.
Wakamwuliza mumewe, mchoraji ni nani?
Akasema, "Mchoraji? Hapana,
huyu mama anapamba tu."
Picha ikapigwa: ukuta, mume, baiskeli mpya.
Yeye kinaonekana kiwiko,
pembeni kabisa,
kina pemba.

Sasa nyumba imeuzwa.
Wameibomoa, wamejenga ya saruji,
na upande wa barabarani
kampuni ya simu imepaka rangi yake
toka bati hadi chini.
Mvua ya Novemba inapiga pale, haipati kitu.

Lakini juzi, soko la Kenya,
nilikuwa natafuta vitumbua tu,
nikaona ubao wa saluni:
vichwa saba vya wanawake, misuko saba,
na kila msuko, robo tatu ya safari,
unainama kushoto, unajirekebisha.
Nilisimama hadi mwenye toroli akanitukana.

Nani amekuchorea?
"Mimi," akasema Kabange, kitana mdomoni.
Nani alikufundisha?
"Hakuna. Nilikuwa naangalia shangazi akidarizi."

Shangazi anakaa Ruashi, nyuma ya kinu.
Alinitandazia mashuka ya harusi za watu:
majani ya muhogo, uzi wa kijani,
na kila ubavu wa jani
ulikuwa na ile hatua ya kusita.
Nikamwomba anioneshe mikono.
Vidole kumi, vimenyooka kama mishumaa ya Pasaka.

Na wewe, mama, nani alikufundisha?
Alikata uzi kwa meno, akafikiri.
"Kulikuwa na mama mmoja, Katuba. Jina limenitoka.
Alinipa ukuta wa choo."

Nilimwambia jina.
Alilirudia mara mbili, kwa sauti ndogo,
kama anayejaribu kiatu.

Nilirudi kwa miguu hadi mjini,
bomba la moshi likiwa kushoto kwangu njia nzima.
Mimi ni wa ofisi ya ardhi:
nachora viwanja vya watu, kwa wino, kwa rula ya chuma.
Mara tatu mwaka huu mkuu wangu ameninyooshea karatasi:
"Umba, mpaka huu mbona umepinda?"

Namwambia ni rula.